CD4 na Uvimbe wa Ubongo: Nani Aliandika Namba Hii?

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na lugha za programu. Nataka tuzungumzie historia ya namba moja ambayo Wakenya wengi wanaijua: CD4. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na katika miaka iliyofuata mashine za kuhesabu CD4 zilienea katika hospitali zetu. Watu ambao hawakusoma biolojia hata siku moja walikuwa wakiulizana, "CD4 yako ni ngapi?" Mtu mzima mwenye afya huwa na takriban 500 hadi 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Ikishuka chini ya 200, kila mtu alijua hiyo ni habari mbaya.

Sasa basi, kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo anaweza kukutwa na CD4 chini ya 200 bila kuwa na virusi vya Ukimwi hata kidogo. Uvimbe uko ndani ya fuvu, damu imetolewa mkononi, na bado namba imeanguka. Kwa nini?

Mimi si daktari, ni mtu wa kompyuta tu. Lakini swali hili linamhusu yeyote aliyewahi kusoma logi ya seva. Programu tatu zinaandika kwenye faili moja na hakuna hata moja inayoweka sahihi. Unaona mstari wa kosa, lakini hujui ni nani aliyeuandika. Wanasayansi wamehangaika na faili kama hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Haya, twende pamoja.

UBONGO NYUMA YA UKUTA

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba ubongo na kinga ya mwili hazina uhusiano. Mwaka 1921 mtafiti wa Kijapani aitwaye Shirai alionyesha kwamba uvimbe wa panya wa aina moja unaweza kukua ukipandikizwa katika ubongo wa panya wa aina nyingine, ilhali ukiwekwa sehemu nyingine za mwili unakataliwa. Mwaka 1948 Peter Medawar, Mwingereza aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1960, alipandikiza vipande vya ngozi katika ubongo wa sungura. Ngozi hiyo ya kigeni haikushambuliwa.

Watu wengi walibaki na nusu hiyo ya habari. Nusu ya pili ni hii: sungura akiwa ameshapandikizwa ngozi ya mfadhili yuleyule mahali pengine mwilini, kinga yake ilishaijua, na kile kipande kilichomo ubongoni nacho kiliharibiwa. Kwa hiyo ukuta ulikuwa na mlango. Aliyekuwa na taarifa aliweza kuingia.

Lakini wazo la ukuta ndilo lililoshika. Na kama ubongo uko nyuma ya ukuta, nani atapoteza muda kutafuta habari zake katika damu ya mkononi?

MWAKA 1972

Waliopoteza muda huo walikuwa Wamarekani. Mwaka 1972 William Brooks na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa waliokuwa na uvimbe ulioanzia ndani ya fuvu. Waligundua kwamba kinga ya wagonjwa hao ilikuwa imedhoofika mwili mzima. Limfosaiti zao, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazotambua adui, zilichelewa kuamka zilipochokozwa katika maabara. La kushangaza zaidi, majimaji ya damu ya wagonjwa yalipochanganywa na limfosaiti za watu wazima wa afya, hata hizo zilizubaa.

Maana yake ni kwamba kitu fulani kilikuwa kinasafiri katika damu. Uvimbe uliokaa ubongoni ulikuwa unatuma ujumbe mpaka kwenye vidole vya miguu.

Hebu fikiria vifaa walivyokuwa navyo. Wakati ule, ili kutenga aina moja kuu ya limfosaiti, yaani seli T, maabara zilitumia damu ya kondoo! Seli T za binadamu hunatana na chembe nyekundu za damu ya kondoo na kufanya umbo kama la ua chini ya hadubini. Fundi anakaa, anahesabu maua, moja, mbili, tatu, mpaka macho yanauma. Kwa kifaa hicho unaweza kusema "seli T zimepungua." Huwezi kusema ni seli T za aina gani, wala nani amezipunguza.

PRINTA ILIYOPANGA SELI

Hapa ndipo historia inapoingia mtaani kwetu, mtaa wa mashine.

Mwaka 1949 Wallace Coulter wa Chicago aliomba hataza ya wazo rahisi sana, akaipata mwaka 1953. Chukua maji ya chumvi yanayopitisha umeme, yapitishe katika tundu dogo, halafu acha seli zipite mojamoja. Kila seli inapopita inaziba njia ya umeme kidogo, na mita inaruka. Mruko mmoja, seli moja. Mruko mkubwa, seli kubwa. Kwa lugha yetu, Coulter aligeuza damu kuwa mfululizo wa data.

Mwaka 1965 Mack Fulwyler, katika maabara ya Los Alamos ambayo ilijulikana zaidi kwa mabomu ya nyuklia, aliongeza hatua nyingine. Alichukua teknolojia ya printa ya wino iliyobuniwa na Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika printa hiyo wino unakatwa kuwa matone, kila tone linapewa chaji ya umeme, kisha linasukumwa upande unaotakiwa. Fulwyler aliweka seli ndani ya matone badala ya wino. Mashine ikapima seli, ikaamua, ikaitupa kushoto au kulia. Hiyo ni "if" na "else" kwa kutumia damu halisi!

Leonard Herzenberg wa Stanford, ambaye alikuwa amechoka kuhesabu seli zinazong'aa kwa macho yake, aliona nafasi. Mwaka 1969 yeye na wenzake walichapisha mashine iliyopanga seli kwa kuangalia mwanga zinaotoa, na kufikia mwaka 1972 walikuwa wanatumia leza. Seli inapakwa rangi inayong'aa, inapita mbele ya leza, inawaka au haiwaki, inahesabiwa. Maelfu kwa sekunde.

Ila rangi hiyo ishike wapi? Hilo lilijibiwa mwaka 1975 mjini Cambridge, Uingereza. Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokufa. Wakapata kiwanda kisichozimika cha kingamwili za aina moja tu, zinazoshika alama moja tu juu ya seli. Wote wawili walipata Nobel mwaka 1984. Kingamwili ikabeba rangi, rangi ikawaka mbele ya leza, na kwa mara ya kwanza iliwezekana kuuliza seli: wewe ni nani hasa?

JINA MOJA KWA KITU KIMOJA

Kilichofuata kila mwandika programu atakitambua. Kila maabara ilitengeneza kingamwili zake na kuzipa majina yake. Kampuni moja iliita alama fulani OKT4. Nyingine ikaiita Leu-3. Kumbe ni kitu kilekile! Ni kama maktaba mbili za programu zenye kazi ileile lakini majina tofauti.

Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris kusafisha fujo hiyo. Walikusanya kingamwili kutoka maabara mbalimbali, wakazijaribu kwenye seli za aina nyingi, kisha wakatumia takwimu kuona ni zipi zinazokwenda pamoja. Kila kundi lililojitokeza lilipewa herufi CD na namba. Herufi hizo zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kundi la alama zinazotofautisha seli. CD3 ni alama ya seli T zote. CD8 ni ya seli T zinazoua. CD4 ni ya seli T zinazosaidia na kuelekeza wengine. Leo orodha imepita namba 370.

Kwa hiyo ile CD4 iliyosumbua vichwa vyetu ni zao la kazi ya kupanga data katika makundi. Na ilizaliwa wakati mbaya: mwaka 1981 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walikuwa wameripotiwa Marekani, na ugonjwa huo ulikuwa unakula seli hizohizo. Mashine ya leza ikapata kazi dunia nzima.

NAMBA ILEILE, UGONJWA MWINGINE

Turudi kwenye ubongo. Uvimbe mkali kuliko wote unaoanzia ubongoni kwa watu wazima unaitwa glioblastoma. Mwaka 2005 utafiti mkubwa wa Roger Stupp na wenzake, wenye wagonjwa 573, ulionyesha kwamba mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi iliongeza muda wa kuishi wa mgonjwa wa katikati kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Hiyo ikawa tiba ya kawaida.

Mwaka uliofuata, 2006, Peter Fecci na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliangalia damu ya wagonjwa hawa kwa mashine ya leza. CD4 zilikuwa chache, hilo lilitarajiwa. Lakini miongoni mwa chache zilizobaki, sehemu kubwa kuliko kawaida ilikuwa seli za breki, zile zinazozuia seli nyingine zisishambulie. Seli hizi zilielezwa na Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka 1995, na kazi hiyo ilimpa sehemu ya Nobel mwaka 2025. Fecci na wenzake walipoziondoa seli za breki katika maabara, seli T zilizobaki zilirudi kufanya kazi.

Ona hapo: "CD4 ni 250" ni sentensi isiyokamilika. Je, ni askari 250, au ni askari wachache na breki nyingi? Namba moja inaficha mbili ndani yake.

Mwaka 2011 Stuart Grossman na wenzake walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 96 wenye uvimbe mkali wa ubongo waliopewa mionzi na temozolomidi. Kabla ya tiba, CD4 ya katikati ilikuwa 664. Baada ya miezi miwili, asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa chini ya 200. Waliokuwa chini ya 200 waliishi miezi 13.1, wengine miezi 19.7. Na wengi wa wale waliokufa mapema hawakuuawa na maambukizi kama ilivyo katika Ukimwi. Uvimbe wenyewe ndio uliorudi kukua.

WAANDISHI WATATU WA LOGI MOJA

Hapa sasa ndipo penye kiini cha makala haya. Nani aliangusha namba hiyo?

Mshukiwa wa kwanza ni uvimbe. Brooks alimwona tangu 1972.

Mshukiwa wa pili ni tiba. Mionzi inayopigwa kichwani inakutana na damu inayopita humo kila dakika, na limfosaiti hufa kirahisi sana kwa mionzi. Temozolomidi nayo inagusa uboho, mahali seli za damu zinapotengenezwa.

Mshukiwa wa tatu ni deksamethasoni. Wengi mnaikumbuka kutoka siku za korona mwaka 2020. Katika ubongo ina historia ndefu zaidi: mwaka 1961 Joseph Galicich na Lyle French wa Minnesota walionyesha kwamba inapunguza maji yanayojaa ubongoni kuzunguka uvimbe. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kuongea anaweza kuongea tena ndani ya siku chache. Ni dawa inayookoa. Lakini pia inapunguza limfosaiti katika damu na kupandisha nutrofili, chembe nyeupe za mstari wa mbele.

Sasa angalia mtego. Madaktari wengi walianza kutumia kipimo rahisi: idadi ya nutrofili gawanya kwa idadi ya limfosaiti. Ni hesabu ya kalamu na karatasi, kutoka kipimo cha damu cha kawaida ambacho hospitali yoyote ya wilaya inaweza kufanya. Tafiti kadhaa zilikuta kwamba wagonjwa wenye uwiano wa juu, mara nyingi zaidi ya 4, waliishi muda mfupi. Vizuri. Lakini nani hupewa deksamethasoni nyingi? Mwenye uvimbe mkubwa na maji mengi. Dawa inapandisha uwiano, na ukubwa wa uvimbe unafupisha maisha. Uwiano unaweza kuonekana nabii kumbe ni karani tu, anaandika kiasi cha dawa.

Hata alama mpya hazikuponyoka. Mwaka 2010 watafiti wa Mayo Clinic walieleza aina ya monosaiti katika damu ya wagonjwa wa glioblastoma zilizopoteza alama ya HLA-DR, ile inayotumika kuwaonyesha wengine adui. Nao walilazimika kuipa deksamethasoni nafasi yake katika maelezo yao.

Je, uvimbe peke yake hauna hatia? Hapana! Mwaka 2018 kundi la Fecci lilitoa jibu zuri sana katika wagonjwa ambao hawajaanza tiba na katika panya. Seli T zilizopotea katika damu zilikutwa zimejazana ndani ya uboho. Hazikufa, zilifungiwa! Ili seli T itoke kwenye uboho inahitaji kipokezi kiitwacho S1P1 juu ya ngozi yake, kama tiketi ya kupita getini. Kwa wagonjwa hawa tiketi ilikuwa imemezwa ndani ya seli. Katika panya, saratani za aina nyingine zilizowekwa ubongoni zilileta kifungo kilekile, lakini zilipowekwa sehemu nyingine ya mwili hazikukileta. Kwa hiyo waandishi wote watatu wana hatia, na wote wanaandika neno lilelile: "limfosaiti zimepungua."

KUHESABU SELI BILA SELI

Mashine ya leza ina udhaifu mmoja: inataka seli nzima, na damu mbichi. Damu iliyogandishwa miaka kumi haisaidii kitu, seli zimepasuka. Ila DNA inabaki.

Seli zote za mwili wako zina DNA ileile, kama nakala za programu moja. Kinachotofautisha nutrofili na seli T ni swichi zipi zimezimwa. Baadhi ya swichi hizo ni vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo methili vinavyobandikwa juu ya DNA, na kila aina ya seli ina mpangilio wake.

Mwaka 2012 Andres Houseman na wenzake walichapisha njia ambayo mwanafunzi yeyote wa aljebra ya matriki ataielewa. Pima methili katika damu iliyochanganyika. Tayari unajua mpangilio wa kila aina ya seli ikiwa peke yake. Tafuta uzito wa kila aina, usiwe chini ya sifuri, ili mchanganyiko ulingane na ulichopima. Basi! Umehesabu seli bila kuona hata moja. Mimi nilipoisoma nilicheka kwa furaha: ni hesabu ya darasani kabisa.

Mwaka 2017 John Wiencke wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake waliitumia kukadiria uwiano wa nutrofili na limfosaiti kwa wagonjwa wa glioma, familia ya uvimbe ambayo glioblastoma ni mmoja wao. Mwaka 2022 toleo jipya la njia hii liliweza kutenganisha aina 12 za seli. Na mwaka huohuo kundi la Wiencke lilifanya jambo ninalolipenda kuliko yote: walitengeneza kipimo kinachosoma alama ambazo deksamethasoni yenyewe inaziacha kwenye methili za nutrofili. Mwandishi mmoja kati ya watatu ameanza kutambulika kwa mwandiko wake.

KWA NINI HILI NI MUHIMU

Kwa sababu kuna dawa zinazotegemea jibu. Dawa za kisasa za saratani zinafungua breki za seli T. Zimefanya maajabu katika saratani ya ngozi. Katika glioblastoma iliyorudi, jaribio la nivolumabu lenye wagonjwa 369, lililochapishwa mwaka 2020, halikuongeza maisha: miezi 9.8 dhidi ya 10.0 ya dawa ya kulinganishwa. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni rahisi kuiona. Ukifungua breki za magari yaliyofungiwa gereji, barabarani hakuna kitakachobadilika.

Kama limfosaiti zimefungiwa mifupani, fungua geti. Kama ni mionzi, punguza eneo linalopigwa. Kama ni deksamethasoni, tumia dozi ndogo kabisa inayomtosha mgonjwa, na hilo ni la daktari kuamua, tafadhali usiache dawa yako kwa sababu ya makala ya mtu wa kompyuta! Matatizo matatu, suluhisho tatu, na namba moja isiyosema ni lipi.

Hadi leo hakuna kipimo cha seli za kinga katika damu kinachochukua nafasi ya picha ya MRI na kipande cha uvimbe chini ya hadubini. Kila kizazi cha watafiti kilipata mashine bora ya kuhesabu: maua ya damu ya kondoo, tundu la Coulter, printa ya Fulwyler, leza, kisha matriki. Kuhesabu hakukuwa tatizo kubwa tena baada ya 1975. Tatizo lililobaki ni lile la logi ya seva: kujua nani aliandika mstari.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona namba nzuri kwenye karatasi ya maabara, au kwenye skrini ya mradi wako, jiulize kwanza ni nani wote wenye ruhusa ya kuiandika.

Mwenye swali au nyongeza, hasa madaktari na wana maabara mlio huku, karibuni sana mtoe maoni yenu.